Filimbi ya Kanali Lushington

Bwana Treadgold alikuwa amelala chali katikati ya chumba chake cha vitu vya treni, kisogo kimepasukia kwenye kipande cha reli alichokiweka sakafuni kama pambo. Damu ilikuwa imeshaganda. Ilikuwa Jumapili jioni, Aprili 1971, katika nyumba iliyo juu ya Mogogosiek, chai imeizunguka pande zote.

Inspekta Nyaberi alisimama mlangoni akatazama kwanza. Mzungu huyu, meneja mstaafu wa shamba la chai, alikuwa na wazimu wake: alikusanya vitu vya reli. Taa, kofia, saa, tiketi kuukuu. Tena si vya reli hivi hivi, la! Sharti kiwe kimewahi kumilikiwa na mpenda treni mashuhuri. Kila kitu kilikuwa na kadi yenye jina la huyo mkubwa.

Saa ya dhahabu ilikuwepo. Pesa zilikuwa mezani. Kitu kimoja tu ndicho hakikuonekana nyumbani humo, na kadi yake ilisema: "Filimbi ya gadi. Mali ya Kanali Lushington, mpenda treni mashuhuri, aliyeipuliza katika ajali ya mteremkoni, 1949."

"Nani ana ufunguo wa nyumba hii?" Nyaberi aliuliza.

"Ni bwana na mimi tu, afande," alijibu Rebeccah Bitutu, mpishi. "Nilienda kanisa saa nne. Kurudi saa kumi na mbili, nikamkuta hivi."

Basi! Mkuu wa kituo cha polisi hakutaka maelezo mengine. Ufunguo anao, mwili kauona wa kwanza, atiwe ndani. Rebeccah alikuwa na mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Mkuu alikataa mtoto aingie seli, mtoto akabaki na shangazi yake. Jumatano saa nane mchana mama huyo angesomewa shtaka la mauaji mahakamani Kericho, na mauaji adhabu yake ni kitanzi.

Nyaberi hakupata usingizi. Mwizi gani anaacha dhahabu anabeba filimbi?

Jumanne asubuhi alimtoa Rebeccah seli, akamkalisha kwenye kiti. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Nieleze tena. Ulipofika, uliona nini kwanza? Kabla ya maiti."

"Taa, afande."

"Taa gani?"

"Moja ya zile za bwana. Ilikuwa barazani, inawaka nyekundu, imeangalia barabara. Nikashangaa, kwa sababu bwana hakubali hata tone la mafuta liingie kwa taa zake. Mafuta yalitolewa kwa jiko yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nyaberi aliruka kwenda stoo ya vielelezo. Taa ilikuwepo, inang'aa. Konstebo Tonui, aliyefika wa kwanza kwa Treadgold, alikuwa ameizima, akafuta masizi yote, na alama zote za vidole pamoja nayo.

"Ilikuwa chafu sana, afande," Tonui alisema.

"Ee Mungu wangu," alisema Nyaberi. Angekuwa na nguvu angemzaba kofi.

Alipiga simu stesheni ya Lumbwa, akaomba kuongea na stesheni masta. "Mzee, ni nani anaweza kuwasha taa nyekundu na kuielekeza nje, kuwe na mtu ameumia ndani?"

Mzee alicheka kidogo. "Huyo ni gadi, yule anayekaa behewa la mwisho. Ajali ikitokea, kabla hajafanya lolote, anakinga nyuma kwa taa nyekundu, treni nyingine isije ikawagonga. Tunawafundisha mpaka wanaifanya usingizini."

Nyaberi alirudi kwa Rebeccah karibu akikimbia.

"Hapa Mogogosiek kuna mtu aliyewahi kuwa gadi wa treni?"

"Amolo, wa boila kule kiwandani. Alikuja kwa bwana mara mbili mwezi uliopita. Mimi mwenyewe nilimpatia chai."

Jumatano saa tatu asubuhi Amolo alikuwa amekaa mbele ya Nyaberi, mwanamume wa miaka hamsini, ovaroli imejaa majivu. Taa ilikuwa mezani kati yao.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Unaijua taa hii?"

"Taa ni taa."

"Hii iliwashwa na gadi. Aliyemuua Treadgold alikinga nyuma."

Mguu wa Amolo ulianza kugonga sakafu.

"Saa nane Rebeccah anasomewa mauaji. Unajua hilo?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ukaenda kazini! Ukatia kuni kwa boila! Wewe ni mtu kweli?"

Hapo Amolo alifungua kifungo cha ovaroli, akavua uzi shingoni. Filimbi ya shaba ikagonga meza.

"Ni ya babangu," alisema. "Okoth. Alikuwa gadi kabla yangu. Mabehewa yalikatika mteremkoni, yakaanza kurudi nyuma na watu ndani. Angeweza kuruka. Alibaki na breki, anapuliza hii watu wajishike. Abiria wote walipona, yeye akafa. Lushington alikuwa abiria. Aliivua kwa shingo ya maiti, akaenda kwao Uingereza kusema ni yeye aliyepuliza. Akawa maarufu."

"Kwa hivyo ulikuja kuichukua."

"Hapana, afande. Sikuomba filimbi. Niliomba kadi tu. Aandike Okoth, hata chini, hata kwa herufi ndogo. Akacheka. Akasema jina la Okoth likiandikwa hapo, hakuna mtu duniani atakayeitaka. Nilimsukuma. Akaangukia ile reli. Sikutaka afe. Kushtuka, niko barazani, filimbi iko shingoni, taa nimeshaiwasha."

Nyaberi aliandika maelezo, akamsomea, Amolo akatia sahihi. Shtaka lingekuwa kuua bila kukusudia, pengine. Kisha akampigia simu mwendesha mashtaka Kericho, akachukua ufunguo, akafungua seli.

Rebeccah alitoka akijishika ukuta. Alimwona Amolo kwenye benchi na pingu mikononi, akasimama. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa seli ni mbao.

"Siku tatu, Amolo," alisema. "Siku tatu mtoto wangu anapewa uji kwa kijiko, anautema. Na wewe nyumba yako naiona kutoka jikoni kwangu."

"Nisamehe, mama."

"Babako alikufa akiokoa watu asiowajua. Mimi unanijua."

Nje mtoto alianza kulia mikononi mwa shangazi yake, na Rebeccah akampita mwanamume huyo akaenda.