Shanga za Mbuke

Kila siku saa saba mchana Lea alifunga wali na maharage kwenye kitambaa, akavaa sweta na kuvuka kiwanja cha kituo cha utafiti kumpelekea mumewe chakula. Juni ile ya mwaka 1976, baridi ya Mbeya ilikuwa ya kutafuna mifupa, lakini mtu aliyezaliwa Igowole, kama Lea, hatishwi na baridi. Alichokichukia Lea kilikuwa ndani ya maabara, kimening'inia kwenye msumari: kamba ya shanga nyekundu.

Zilikuwa shanga za Mbuke, mke wa kwanza wa mumewe, Daktari Bartholomeo. Mbuke alikuwa Msukuma, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, na alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Shanga za kiunoni, jamani! Si picha, si kanga. Na daktari alizishika kila siku ya Mungu.

"Ni za kazi tu," alikuwa akisema.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza jinsi ubongo unavyotunza kumbukumbu. Alimchukua kifaranga wa siku moja, akamwonyesha ushanga uliochovywa kwenye maji machungu. Kifaranga anadonoa, anatikisa kichwa, anafuta mdomo sakafuni. Kesho ukimletea ushanga ule ule, mkavu, hausogelei. Anarudi kinyumenyume. Ameonja mara moja tu na hasahau.

"Unaona, Lea? Kichwani seli zinapashana habari," alieleza huku wali ukipoa. "Habari ikipita, pale zinapokutana panabadilika. Ni kama njia ya ng'ombe, wakiipita sana inapanuka. Na kila seli ina vilango vya kupokelea habari. Tunaviita vipokezi."

"Na hiki kichupa?"

"Hicho kinaziba vilango. Kifaranga anasahau uchungu, anadonoa tena kama mjinga." Daktari alicheka. "Ila hakifanyi kazi hivi hivi. Lazima kwanza umkumbushe. Kumbukumbu ikiitwa inalainika, kama udongo uliotiwa maji. Hapo ndipo unampa dawa, inafutika."

Lea alikikodolea macho kichupa kile kuliko alivyowahi kumkodolea mchungaji madhabahuni.

Niwaambie ukweli, kumwonea wivu mwanamke aliye hai kuna nafuu. Huyo utamsengenya, mtagombana kisimani, yataisha. Marehemu utamfanyaje? Hazeeki wala haunguzi maharage. Bartholomeo alikuwa mume mpole, hajawahi kuinua mkono, lakini katikati ya maongezi macho yake yalikuwa yakienda mbali, na Lea alijua yamekwenda kwa nani. Miaka mitatu alikaa katika nyumba ile kama mgeni aliyechelewa kuaga. Alitaka kitu kimoja tu, kupendwa na mumewe yeye peke yake.

Jumatatu alichota dawa kidogo. Saa kumi alichemsha chai, akaketi barazani karibu na mumewe.

"Hebu nisimulie mlivyokutana na Mbuke."

Daktari alishangaa, kisha uso ukamchangamka. Alisimulia. Lea alisikiliza mpaka mwisho, kila neno likimwasha kama upupu. Ndipo akamimina chai.

"Mbona chungu?"

"Majani mapya hayo." Akamwongezea sukari.

Kesho yake alimuuliza tena, mlikutana wapi?

Bartholomeo alikunja uso. "Na nani?"

Weee! Lea nusura apige vigelegele. Tangu hapo ikawa kila siku hadithi moja na kikombe kimoja. Siku ya harusi. Ng'ombe wa mahari. Kicheko cha Mbuke. Wimbo aliokuwa akiimba akisukasuka kibuyu cha maziwa. Lea aliyasikia yote, na aliyasikiliza kwa chuki, na chuki haisahau. Mwisho wa Julai daktari alisimama mbele ya ule msumari akajikuna kichwa.

"Hizi shanga nilinunua duka gani?"

Siku hiyo Lea alisonga ugali huku akiimba. Alifika katikati ya wimbo ndipo mwiko ukamsimama mkononi. Alikuwa akiimba Kisukuma. Ulikuwa wimbo wa kibuyu. Bartholomeo alikuwa amemweleza tu kwamba wimbo huo ulikuwapo. Hakumwimbia hata mstari mmoja.

Alijiambia ni uchovu. Kesho yake, akianua nguo, alikumbuka mto. Alikumbuka maji yakimfika magotini, na ndama mweupe aliyekataa kuvuka. Yeye wa Igowole hakuwahi kuchunga ndama. Na habari za mto huo hakusimuliwa na mtu.

Bartholomeo naye alibadilika. Macho hayakwenda mbali tena. Yalikaa kwa Lea. Jioni moja alimshika mkono.

"Kicheko chako siku hizi! Sijui kwa nini sikukiona zamani."

Miaka mitatu Lea alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alicheka kwa furaha, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kile hakikuwa chake. Akamwonea wivu yule aliyekicheka, na aliyekicheka alikuwa ndani ya kinywa chake mwenyewe.

Katikati ya Agosti, saa tatu asubuhi, aliwasili mama yake Mbuke kutoka Usangu, na mchele kichwani, kama alivyofanya kila mwaka baada ya mavuno. Bartholomeo alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Bibi yule alidhani ni utani. Lea alitoka jikoni mbio ili aokoe jahazi. Hakufika. Magoti yalimpinda yenyewe pale mlangoni, akaamkia kwa Kisukuma kama binti anavyomwamkia mamaye.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi alishusha mchele polepole. Hakuitikia salamu.

"Nani kakufundisha sauti hiyo?" alinong'ona.

Lea alitaka kusema, hakuna. Kikatoka kingine. "Mguu wako umepona, mama? Ule uliokanyagwa na ng'ombe?"

Bibi alirudi nyuma. Hatua moja. Nyingine. Alikwenda kinyumenyume mpaka barabarani, hakugeuka. Mchele aliuacha palepale.

Mchana huohuo, akisonga ugali, jua likiwaka dirishani, Lea alikumbuka kufa.

Kitanda cha chuma. Koo kavu. Mkono wa Bartholomeo. "Sitakusahau," alikuwa akisema, akijigusa paji la uso. "Utakaa humu." Kisha baridi ikapanda kutoka miguuni. Ikafika kifuani.

Hapo akasikia mnong'ono. Haukutoka mlangoni. Ulitoka nyuma ya ulimi wake.

"Umenitoa kwake. Sasa nikae wapi?"

Lea alitupa mwiko. Alikimbilia maabara, akakiinua kichupa, akanywa kilichobaki. Kuna kitu kilifutika kweli, lakini hakikuwa Mbuke. Mpaka leo Lea hakumbuki siku ya harusi yake.

Kesho yake alfajiri alifunga nguo zake. Alipopita kwenye dirisha la maabara alihakikisha shanga ziko msumarini. Zilikuwapo. Bartholomeo alimfuata hadi kituo cha basi, akiwa na viatu visivyofungwa kamba.

"Usiniache, mke wangu. Ndiyo kwanza nimeanza kukupenda."

Lea alimtazama dirishani machozi yakimtoka, maana hakujua anaambiwa nani. Basi likaondoka. Alishuka Nyololo, akapanda gari lililobeba mbao hadi Igowole. Njia nzima hakufungua mdomo, akihofia sauti itakayotoka.

Mama yake, Marta, alimpokea uani bila maswali mengi. Mama mwenye busara huona kwanza, huuliza baadaye. Kuku wake alikuwa ametotoa asubuhi ile, vifaranga manyoya hayajakauka vizuri.

"Kaa hapo, mwanangu. Wape hawa chenga, moyo utatulia."

Marta alirusha chenga za mahindi, vifaranga wakakimbilia. Lea akachota chenga kidogo, akachuchumaa, akafungua kiganja chake.

Kifaranga wa kwanza alisogea. Akasimama. Hakudonoa. Akatikisa kichwa. Akafuta mdomo kwenye udongo. Wenzake wakafanya vilevile, wote. Kisha wakarudi kinyumenyume mpaka chini ya mbawa za mama yao.

"Hee! Hawa wametoka kwenye yai leo," alisema Marta. "Wamekujulia wapi?"

Kiganja cha Lea kilikuwa bado wazi. Marta aliokota chenga moja kutoka humo, akaiweka ulimini.

Ilikuwa chungu, akaitema. Akatikisa kichwa, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Halafu, bila kujua anafanya nini, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwa mwanawe.