Folda ya Bibi

Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia sebule na kuosha vyombo, Chapuchapu alikaa mezani na daftari. Jina hilo alipewa na kaka yake kwa sababu kila kazi aliimaliza kabla ya wengine, ingawa sahani zake mara nyingi zilibaki na povu.

Mbele yake palikuwa na Ghala. Ndivyo familia ilivyoiita kompyuta ndogo nyeusi iliyohifadhi picha, barua na sauti za nyumba nzima. Mfumo wake endeshi ulikuwa umezeeka, na shangazi, fundi wa kompyuta, alikuja kuweka mpya. Ili kuuweka ilibidi afute kila kitu, kwa hiyo alikuwa amenakili folda zote ishirini na mbili kwenye diski ya pembeni.

"Fungua faili moja katika kila folda ya nakala," alimwagiza Chapuchapu. "Andika ulichokiona. Sitaki alama za vema, nataka maneno."

Chapuchapu alifungua folda kumi na tisa. Kisha akasikia wenzake wakiruka kamba nje, na uvivu ukamwingia. Tatu zilizobaki alizijaza daftarini bila kuzifungua. Ya mwisho iliitwa Bibi. Aliandika, "Bibi anacheka."

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kila asubuhi babu alisikiliza sauti yake kwenye Ghala kabla ya kunywa chai.

Shangazi alilisoma daftari kwa sauti, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

"Anacheka?" babu aliuliza kutoka kitini, uso umemkunjuka. "Anacheka nini, mjukuu wangu?"

Chapuchapu alimtazama babu. Kumdanganya shangazi kulikuwa rahisi. Kumdanganya babu kulimshinda. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Sijamsikia, babu. Nimebuni tu. Shangazi, usifute!"

Shangazi aliondoa kidole. Akafungua folda ya Bibi kwenye diski ya pembeni. Ilikuwa tupu. Diski ilikuwa imejaa kabla sauti hizo hazijaingia, na onyo lilijificha nyuma ya madirisha mengine ya skrini.

Babu aliweka kikombe chini.

Shangazi alitoa diski kubwa zaidi mkobani, wakanakili upya. Chapuchapu alianza tena folda ya kwanza, polepole kiasi kwamba kaka yake alikuja kumwuliza kama anaumwa. Kufikia saa nane mchana mfumo mpya ulikuwa umewaka, na folda zote zimerudi mahali pake.

"Diski kujaa ni jambo la kawaida," shangazi alisema akikunja waya. "Ndiyo maana tunakagua. Lakini mimi sioni ulichokiona wewe, naona ulichoandika tu. Ningezifuta sauti za mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuamini. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Hakuna atakayekumeza."

"Nimeelewa, shangazi. Nisamehe. Nawe babu, nisamehe."

Babu alibonyeza faili ya sauti kwenye Ghala. Sauti ya bibi ikajaa sebuleni: "Hebu zima hicho kidude chako, chai inapoa!" Kikafuata kicheko kirefu.

Chapuchapu alikata mstari wa mwisho daftarini, akaandika upya: Bibi anamgombeza babu. Halafu anacheka.