Jina la Kiwanda

Eastleigh Jumamosi mchana si mahali pa kwenda na haraka zako. Lakini Nasima alikuwa na haraka, kama kawaida yake. Buibui jeusi, raba nyeupe za kazini, mtandio wa zambarau uliokuwa ukimteleza kila akipiga hatua, akapenya katikati ya watu mpaka korido ya wauza pazia, ghorofa ya pili ya jengo lililojaa vibanda hadi kwenye ngazi. Alikuwa nesi wa kliniki moja kule Pipeline. Chumba chake cha Kware kilikuwa na dirisha linalotazamana na dirisha la jirani, karibu mno, hata jirani alijua kila siku Nasima kapika nini.

"Nataka pazia zito," alimwambia kijana wa kibanda cha pembeni. "Mtu asione hata kivuli."

"Unaficha nini, dadangu?"

"Sufuria."

Kijana akacheka. Jina lake Ubaid, mrefu, shati la kijivu lililopigwa pasi vizuri, utepe wa kupimia shingoni. Rangi aliyoitaka Nasima hakuwa nayo. "Nishikie duka kidogo, nikakuchukulie kwa jirani," akasema, na huyo, akapotea. Ndivyo wanavyoishi watu wa korido ile. Asichokuwa nacho huyu anakichukua kwa yule, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake mteja. Nasima akabaki na duka la mtu asiyemjua. Akaja mama mmoja kuulizia pazia la maua. Nasima aliona haya kusema hajui, basi akauza.

Ubaid aliporudi alijishika kichwa. "Umemuuzia bei gani?" Akaambiwa. "Ya Rabi! Hiyo si bei, hiyo ni sadaka!"

"Si umeniachia duka mwenyewe? Mimi najua sindano, sijui pazia."

Tobias, jirani wa kibanda cha pili, alikuwa amekufa kwa kicheko. "Ubaid, muandike kazi huyo! Kwa siku moja atamaliza stoki yote!"

"Hapana," Ubaid akasema, macho kwa Nasima. "Huyu atanilipa kwa chai."

Akamlipa kwa chai. Jumamosi iliyofuata wakanywa nyingine, na baada ya hapo hata wasingizie nini, kila mtu pale koridoni alishaelewa.

Siku hizo Nasima alikuwa ameanza masomo ya uzamili wa biashara. Alikuwa amechoka kuchoma watoto sindano huku wakubwa wa kliniki, wasiojua hata bandeji zimebaki ngapi, wakipanga mambo kijinga. Alitaka kuwa mkubwa, tena mkubwa mwenye akili. Shangazi zake walimwona kichaa: msichana mzima, badala ya kutafuta mume, anatafuta cheti kingine. Ubaid peke yake ndiye ambaye hakumcheka.

"Profesa wangu, umekula?" angempigia simu jioni.

"Nina mtihani kesho. Usinipigie."

"Sijauliza mtihani. Nimeuliza chakula."

"Nimekula mkate."

"Mkate ni chakula cha mtoto. Teremka."

"Niteremke wapi?"

"Hapa mlangoni kwenu. Na uje na kijiko, pilau inapoa na hawa majirani zako wananiangalia vibaya."

Mwanamume kutoka Eastleigh mpaka Kware na bakuli la pilau mapajani! Wewe uliwahi kuletewa? Nasima alikula amesimama langoni, mtandio mabegani, akimweleza habari za masoko na ushindani mdomo umejaa wali. Ubaid alisikiliza kama anaambiwa yeye ndiye mzuri kuliko wote Nairobi.

Siku moja, wakiwa kwenye mkahawa wao wa chai, Nasima aliuliza, "Kwani nyinyi pazia zenu mnatoa wapi? Mbona zinazishinda za wengine wote?"

Ubaid aliweka kikombe chini. Akaangalia nyuma, akaangalia kando, akashusha sauti. Akamweleza kwamba Mama Hodo, yule mama mkubwa wa kibanda cha mwisho, husafiri Uturuki kwa niaba ya wote, na wote huchangia kontena moja. Kisha akamtajia jina la kiwanda. Mimi silitaji hapa, nisije nikarudia kosa lile lile.

"Wanaolijua ni sisi wenye vibanda tu," Ubaid akasema.

"Na sasa mimi."

"Na sasa wewe." Akamtazama, akangoja.

"Hii ni nzuri sana, Ubaid. Nzuri kweli," Nasima akasema, uso umechangamka.

Na pale ndipo walipoharibikiwa. Koridoni kwao jina lile haambiwi rafiki wala mfanyakazi. Anaambiwa mke, kwa sababu mume akifa ndiye atakayekalia kiti. Kumtajia mwanamke jina la kiwanda ni kumwambia wewe ni wangu, na hakuna pete inayofika hapo. Ubaid alikuwa ameposa na akasikia amekubaliwa, sasa anangoja tu mitihani iishe awatume wazee wake nyumbani kwao Nasima, Pumwani. Nasima yeye alisikia mfano mzuri wa kupeleka darasani. Jamani, Ubaid, mdomo ulikuwa nao! Ungesema "nakuoa" kama watu wengine, ungepungukiwa nini?

Siku ya kuwasilisha kazi ya mwisho, Nasima alivaa suti ya bluu aliyoshonesha kwa ajili hiyo. Alieleza korido nzima: jirani kwa jirani, kontena la pamoja, mtu mmoja anayewanunulia wote. Mwalimu wake, Dakta Nyamai, alikuwa akitingisha kichwa kwa furaha. Nyuma alikaa mgeni, Bwana Patrobas, mkurugenzi wa kampuni ya maduka makubwa ya vyombo vya nyumbani.

"Maelezo matamu," akasema Bwana Patrobas. "Lakini ni hadithi tu, au hicho kiwanda kipo?"

"Kipo."

"Kipi?"

Nasima alisita. Kidogo, lakini alisita, na hilo baadaye ndilo lililomnyima usingizi. Darasa zima lilikuwa linamtazama. Dakta Nyamai alikuwa amewafundisha kwamba asiyetaja chanzo hajafanya utafiti. Akalitaja.

Mwezi haukuisha akapigiwa simu na kampuni ya Bwana Patrobas. Wanamtaka awe meneja wa ununuzi. Ofisi ya vioo, gari la kumchukua, na sindano basi. Alilia kwa furaha ndani ya choo cha kliniki, akampigia Ubaid.

"Mpenzi! Nimepata! Nimepata kazi!"

Simu ilimkuta Ubaid koridoni. Nyuma yake kulisikika sauti za watu wakigombana.

"Ubaid? Hunisikii?"

"Nakusikia. Hongera." Akakata.

Siku hiyo hiyo Mama Hodo alikuwa amerudi kutoka Uturuki mikono mitupu. Kiwanda kilimwambia kimesaini na kampuni kubwa ya Nairobi, hakiuzii mwingine Kenya. Alipowatajia kampuni yenyewe, Ubaid, ambaye Nasima alikuwa amemsimulia habari za yule mgeni wa darasani, alielewa mara moja. Vibanda vyote vilikusanyika.

"Buda, nani alisema?" Tobias alikuwa akifoka. "Nani kati yetu?"

"Ni mimi," Ubaid akasema. Wakamuuliza alimwambia nani, akakataa katakata. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwazima hata kipande cha pazia.

Nasima alipiga simu wiki nzima bila kujibiwa. Alipokuta jina la kiwanda kwenye mkataba wa kwanza alioletewa ofisini, alielewa kwa nini hajibiwi. Akaenda Eastleigh na suti yake na viatu vya visigino. Ubaid alikuwa anauza mataulo.

"Ungeniambia ni siri!" Nasima alianza kulia kabla hajasalimu.

"Nilidhani mke haambiwi hivyo."

"Mke? Uliniposa lini?"

Ubaid akamwambia ni lini, na jina lile lina maana gani kwao. Nasima akakaa juu ya robota la mataulo bila kuambiwa karibu.

"Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa mwizi ningekuchukia, nikapumzika."

"Naacha kazi. Leo hii."

"Ukiacha, kiwanda kitarudi?"

Nasima akatikisa kichwa.

"Basi usiache. Umeisomea."

"Mimi nakupenda, Ubaid. Tuma wazee. Nitawapokea hata kesho."

"Nami nakupenda," Ubaid akasema. "Lakini hawa wanajua ni mimi niliyetaja, hawajui nilimtajia nani. Siku nikikuoa watajua. Watakuangalia wewe wanavyoniangalia mimi, na siwezi kuliona hilo. Siwezi, Nasima."

Alikunja taulo lililokuwa tayari limekunjwa. "Nikuulize kitu kimoja tu. Ulipolitaja jina pale darasani, watu walifanyaje?"

Nasima alitaka kumdanganya, akashindwa. "Walipiga makofi."

"Mimi nilimwambia mama jioni ile ile kwamba nimekutajia," Ubaid akasema. "Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza bi harusi ni nani."

Mteja mmoja akauliza bei ya taulo, naye akamgeukia.