Elinipa na Sahani ya Dagaa

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza, Mama Elinipa alikuwa ameshachemsha chai na viazi vitamu. Alivifunika mezani, akavaa viatu vyake vya ofisini, akaenda kazini kwake idara ya ardhi. Elinipa, msichana wa darasa la sita, alioga, akavaa sare, akafunua chakula na kukitazama. Kisha alikifunika tena, akafunga mlango na kwenda shule na njaa yake.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na aibu. Miaka miwili nyuma, mama alipopewa uhamisho, walitoka Same wakaja kuishi Kasingirima, mjini Kigoma. Baba alibaki Same akifundisha. Katika darasa lake jipya hapakuwa na mtoto mwenye mwili mkubwa kama wa Elinipa. Asubuhi moja alipokuwa akiingia, mvulana aitwaye Nickson alisema kwa sauti, "Jamani pisheni njia, Liemba inatia nanga." Darasa zima likaangua kicheko, maana hakuna mtoto wa Kigoma asiyeijua meli ya Liemba, kongwe na kubwa, iliyolizunguka ziwa tangu enzi za mababu. Tangu siku ile jina likamganda.

Elinipa akaamua kujikondesha. Asubuhi hakula. Mchana wenzake walipopanga foleni ya ugali na maharage, alisema ameshiba. Jioni mama alipopakua chakula, alijitia kuumwa tumbo, akaenda kulala. Mtu pekee aliyeshtuka ni Inamahoro, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakafanya makazi Kigoma.

"Wewe huwa unakula saa ngapi?" Inamahoro alimwuliza siku moja.

Elinipa alicheka tu, akageuza maneno.

Alikula usiku. Mama akishapitiwa na usingizi, tumbo lilimwamsha. Alinyata mpaka jikoni gizani, akala chochote alichokipapasa: kiporo cha ugali, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, wali uliowekwa kwa ajili ya kesho. Hata ladha hakuisikia. Alikula mpaka akashindwa kuinama, kisha alirudi kitandani akilia kimyakimya na kuapa kwamba kesho hatatia kitu kinywani. Na kwa sababu kesho yake hakula, usiku njaa ilirudi na nguvu mara mbili. Mwili haukupungua, uliongezeka.

Haikupita muda, mama akaanza kukuta masufuria matupu.

"Eli, ile migebuka miwili niliyoiacha jana iko wapi?"

"Panya, mama," Elinipa alijibu bila kumtazama. "Panya wa huku ni wakubwa. Nilimwona mmoja kwa macho yangu."

Mama aliamini. Hakuwahi kumkamata binti yake na uongo.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mama alirudi kutoka sokoni na pakiti ya sumu ya panya. Aliichanganya na dagaa kwenye sahani, akaiweka kwenye rafu ya chini jikoni, palepale chakula kilipokuwa kikipotea. Alitaka kumwonya Elinipa, lakini alikuta ameshajifungia chumbani akisema tumbo linauma. "Nitamwambia asubuhi," mama alijisemea.

Usiku ule umeme ulikatika. Elinipa aliamka kama kawaida yake, akapapasa rafu, mkono ukagusa sahani. Harufu ya dagaa ikampanda puani. Alichota, akajaza kinywa. Palepale ulimi ukakutana na uchungu ambao hakuwahi kuuonja.

Mwanga wa simu ukammulika usoni. Mama, aliyedhani amesikia panya, alikuwa amesimama mlangoni.

"Tema," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tema, mwanangu. Hiyo ni sumu."

Elinipa alitema. Mama alimsukutua kinywa kwa maji tena na tena, akachukua ile pakiti, akamgongea jirani mwenye bajaji. Muda mfupi baadaye walikuwa kituo cha afya mbele ya muuguzi wa zamu, Marcelina, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo," Elinipa alisema.

"Marahaba, binti yangu. Umemeza?"

"Nadhani sijameza."

Muuguzi Marcelina aliisoma pakiti kwa makini, akampigia daktari simu, akamgeukia mama. "Umefanya vizuri kuja nayo, na pia kutomlazimisha kutapika. Lakini sumu nyingine hukawia kuonyesha makali yake. Atakaa hapa mpaka asubuhi tumwangalie, na keshokutwa mtarudi kwa vipimo."

Saa zilipita polepole. Kulipokaribia kupambazuka, muuguzi alivuta kiti. "Ile sahani ilikuwa ya panya," alisema. "Wewe ulifuata nini pale?"

Elinipa alimtazama mama. Alitamani kutunga uongo mwingine, lakini macho ya mama yalikuwa mekundu kwa kukesha. Akasema yote: viazi vilivyofunikwa, foleni ya mchana, jina la Liemba, mapanya ambayo hayakuwahi kuwapo.

"Kumbe nilikuwa nakutegea sumu wewe," mama alinong'ona, akajifunika uso kwa kanga.

"Mimi ni mlafi," Elinipa alisema. "Nauchukia huu mwili."

"Wewe si mlafi. Una njaa," alijibu Muuguzi Marcelina. "Mwili ukinyimwa haki yake mchana, huja kuidai usiku, tena kwa fujo." Kisha akavua kile kipimo cha kusikilizia moyo kilichokuwa shingoni mwake, akamvisha Elinipa masikioni, na kumwekea ncha ya kipimo hicho kifuani. "Sikiliza."

Elinipa alisikia. Du-du. Du-du. Ulikuwa mlio mzito na wa hakika, kama mtu anayetwanga chumba cha pili bila kuchoka.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe. Kwa siku moja moyo wako unapiga karibu mara laki moja. Ulipoutukana mwili ulipiga. Ulipoushindisha njaa ulipiga. Hata uliposhika sahani ya sumu ulikuwa unapiga."

Elinipa aliendelea kusikiliza. Kitu hiki kilikuwa kikimfanyia kazi miaka kumi na miwili, naye hakuwahi kukisalimu wala kukishukuru. Hakutaka kuvua kile kipimo. Muuguzi hakumharakisha.

Vipimo vya keshokutwa vilikuwa salama. Muuguzi akampima uzito na kumpa utaratibu: ale asubuhi, mchana na jioni, mboga na matunda yasikosekane, asiruke mlo, atembee kila siku, na akiamka usiku amwamshe mama. Mama naye akaahidi kwamba hatatoka nyumbani kabla hawajanywa chai pamoja.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili Elinipa aliamka usiku akala maandazi manne. Asubuhi alimwambia mama mwenyewe. Mama hakumgombeza, alimmiminia chai, wakaanza siku upya. Shuleni alisimama kwenye foleni, moyo ukimwenda mbio. Nickson alipomwita Liemba, alimgeukia.

"Mimi nina jina," alisema taratibu. "Naitwa Elinipa. Ukiniita hivyo nitaitika."

Nickson alirudi nyuma kwenye foleni. Kesho yake alimwomba kalamu, akamwita kwa jina lake.

Kila jioni Elinipa na Inamahoro walitembea kuteremka mpaka ufukweni Ujiji na kupanda kurudi. Mwanzoni alipumzika mara tano njiani, baadaye mara mbili, kisha akasahau kupumzika.

Mwezi wa kumi na mbili alirudi kituoni akapimwa uzito tena. Alikuwa amepungua kilo tatu na amerefuka. "Bado mimi ni mnene kuliko Inamahoro," alimwambia muuguzi, lakini alisema kama mtu anayetaja rangi ya gauni lake.

"Na huenda ukabaki hivyo. Miili haifanani," alisema Muuguzi Marcelina.

Jioni ile mama alifuatana nao ufukweni. Mvua ilikuwa imeosha anga, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilisimama wazi, ya buluu, mkunjo juu ya mkunjo. Elinipa alisimama kinywa wazi. Miaka yote miwili, hata jioni zote alizotembea hapa, ukungu ulikuwa umeificha.

"Ilikuwepo siku zote?" aliuliza.

"Ego," Inamahoro aliitikia ndiyo kwa Kirundi chao, akicheka. "Ilikuwepo."

Mama alimshika binti yake bega. "Mwanangu, aibu ilikufunga kinywa mara mbili," alisema. "Ilikuzuia kula mchana kweupe, ikakuzuia kusema kweli, na kidogo nikupoteze. Ukionewa, sema. Ukiwa na njaa, kula. Ukitaka kuubadili mwili wako, anza kwa kuupenda, kwa sababu hakuna anayekitunza kitu anachokichukia."