Ukoo Ulisikiliza Kanda Nusu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwalimu wa sekondari hapa Ifakara, mama wa binti mmoja, mwenye shahada ya chuo kikuu. Shahada naitaja mapema ili mnicheke vizuri, maana haikunisaidia chochote.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kutokwa damu nyingi kila mwezi, mpaka nikawa nafundisha nimeegemea ukuta. Nikaenda hospitali peke yangu. Mume wangu, Baba Upendo, ofisa ushirika, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alisema mambo ya wanawake yana wenyewe.

Daktari alieleza mengi. Mimi nilisikia neno moja tu... uvimbe! Yaliyofuata yote yalinipita. Nyumbani nikaulizwa daktari kasemaje. Asubuhi nikatoa jibu hili, jioni jibu lile. Baba Upendo akacheka.

"Msomi mzima, Mama Upendo, unashindwa hata kufikisha salamu?"

Basi siku ya kurudi nikatia redio kaseti kwenye kikapu. Nikamwomba daktari ruhusa ya kumrekodi, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunisaidia kusikiliza. Kijana wa watu akacheka, akasema sawa, mama, ila usinipeleke redioni. Kisha akaeleza polepole. Uvimbe uko kwenye kizazi. Wakiuwahi, watautoa uvimbe peke yake na kizazi kitabaki. Ukiachwa ukue, itabidi watoe kizazi chote.

Na mimi nilitaka mtoto mwingine, jamani! Nilimtaka sana. Kilichobaki ni saini ya mume tu, ndivyo walivyotaka hospitalini.

Nikampa mume wangu kanda ile kwa mikono miwili. Ningempa nani mwingine? Akaisikiliza peke yake, akakohoa, akasema jambo zito namna hiyo haliamuliwi na mtu mmoja. Akaita ukoo kutoka kijijini kwao, Mbingu.

Walikuja! Mama mkwe, shangazi, na mashemeji wenye sauti nene na hoja nyembamba. Wakaizunguka redio sebuleni kama wanasubiri kutangaziwa matokeo ya uchaguzi. Mimi nilikuwa jikoni uani, nawapikia wali na kuku, huku kanga ya ndani imelowa damu.

Kupitia dirishani nilimsikia daktari akisema, "Pole sana, mama," na mama mkwe akimjibu kwa heshima, "Nishapoa, baba, asante." Kisha kanda ikakimbizwa mbele, ikalia kama panya aliyebanwa mlangoni. Ikasimama. Daktari akasema, "...itabidi tutoe kizazi chote." Ta! Ikazimwa.

"Haaa!" shangazi akapiga kelele. "Wanataka kumhasi mke wetu! Na watoto watatoka wapi, kwenye shahada?"

Nikaingia na mwiko mkononi. Nikapiga goti. "Wazazi wangu, shikamooni. Rudisheni nyuma kidogo. Hapo katikati mmeruka maneno."

Baba Upendo akaitazama redio kwa huzuni, kama mtu anayetazama maiti.

"Betri zimekwisha," akasema.

Wakaamini! Watu wazima, na mvi zao! Wakala kuku wangu, wakanawa, wakakata shauri kwamba jambo lisubiri mpaka mpunga uvunwe, na kwa sasa ninywe mizizi. Wakapanda lori, wakaenda zao. Jioni ile ile, redio ile ile, kwa betri zile zile, ikamtangazia Baba Upendo mpira, dakika zote tisini! Timu yake ilipofunga, alishangilia mpaka majirani wakachungulia.

Nilimwambia? Nilimwambia yote, nikalia. Akajibu kwamba ukoo umeshasema, yeye ni nani abishe? Kumbe alikuwa ameshaposa msichana kule Mlimba... Alihitaji mke asiyezaa, ukoo upate sababu ya kumwozesha mwingine.

Mpunga ukavunwa. Mizizi nikainywa, mimi mwenye shahada! Siku moja nikaanguka darasani, wanafunzi wakanibeba hadi hospitali. Safari hii Baba Upendo alikuja. Akasaini bila hata kuvua kofia, upesi kuliko alivyowahi kusaini kitu chochote ofisini kwake. Nilipozinduka, kizazi hakipo. Sijaanza hata kutembea wima, bwana harusi akaondoka kwenda Mlimba.

Baadaye nikamweleza daktari kisa kizima.

"Lakini mama," akasema, "mbona uliniambia mumeo yuko semina? Ungesema amekataa kuja, ningemwita nikamkalisha hapo ulipokaa."

Nikabisha! Mimi niseme hivyo? Nikarudi nyumbani, nikaitafuta kanda, nikaisikiliza tangu mwanzo, peke yangu. Daktari anauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Na sauti yangu, laini, ya kistaarabu, inajibu: "Yuko semina Morogoro, daktari. Angekuja, anapenda sana kufuatilia."

Semina! Alikuwa kwenye kilabu cha pombe nyuma ya soko, na mimi nilijua. Nilimpita hapo hapo nikienda hospitali, nikageuza uso ili asione aibu.

Shangazi namdharau. Mashemeji nawadharau pamoja na kuku wangu waliyemla. Baba Upendo sina hata dharau ya kumtosha. Lakini katika kanda ile nzima, sauti inayonichefua kuliko zote ni hiyo yangu.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi. Kama mnakwenda hospitali peke yenu, ombeni ruhusa mrekodi. Hofu huziba masikio, hata ya msomi. Ila kanda msimkabidhi mtu aliyekataa kuja. Anayetaka kusikia na afike, akae kwenye benchi, amuulize daktari mwenyewe.

Na daktari akikuuliza mwenzako yuko wapi, usimpeleke semina. Sema, "Amekataa kuja." Kisha nyamaza, uache kanda izunguke.