Frasila Arobaini na Tano

Modesti alikuwa mkulima wa mahindi katika kijiji kimoja cha Ufipa, saa mbili kwa gari kutoka Sumbawanga mjini. Aliishi na mkewe Jenifa, watoto wao wawili, na mama yake mzazi, Bertilla. Watu watano, chungu kimoja.

Mwaka huo walivuna magunia kumi na manne. Mwezi wa saba, upepo wa baridi ukivuma, Modesti alifungua daftari la marehemu baba yake. Baba alikuwa ameandika: "Watu watano, mavuno hadi mavuno: mahindi frasila arobaini na tano."

"Frasila ni nini?" Jenifa aliuliza.

"Kipimo cha zamani. Ni kilo kumi."

"Una hakika? Mbona tusiulize?"

"Niulize nini, mke wangu? Mimi si mtoto."

Akapiga hesabu: kilo mia nne na hamsini. Yaani magunia matano ya kilo tisini. Akamwaga matano kwenye kihenge, akauza tisa, akanunua mabati.

Mama Bertilla alichungulia ndani ya kihenge. "Mwanangu, enzi za baba yako mahindi yalifika huku juu."

"Mama, siku hizi tunapima kwa kilo, hatupimi kwa macho," Modesti alijibu.

Katikati ya mwezi wa pili Jenifa aliingiza kopo kwenye kihenge likagonga sakafu. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mahindi shambani yalikuwa bado hayajatoa hata ndevu.

Jenifa akaanza kwenda vibarua, apewe unga. Modesti aliuza mbuzi wake wote watatu. Unga ulikuwa umepanda bei, na pesa za mbuzi zilikwisha upesi. Wakawa wanapika uji asubuhi na uji jioni. Mama Bertilla alikuwa akisema, "Nimeshiba," kisha anasukuma bakuli lake kwa wajukuu. Modesti aliona. Hakuwa na cha kumwongezea.

Mwezi wa tatu mama alishikwa na homa. Walimbeba hadi zahanati. Muuguzi alimpa dawa, akasema homa imemkuta hana nguvu. Siku ya nne akafariki.

Baada ya mazishi, jirani yao Marsiana alibaki na wafiwa. Alikuwa mama mtu mzima, na zamani alikuwa mpima mazao kwenye ghala la ushirika. Modesti alimletea daftari.

"Shikamoo mama. Nilifuata maandishi ya baba, lakini chakula hakikutosha. Baba alikosea wapi?"

"Marahaba." Marsiana alisoma polepole. "Wewe ulihesabu frasila moja kilo ngapi?"

"Kumi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilidhani tu."

Marsiana alishusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Frasila moja ni ratili thelathini na tano. Ratili haifiki nusu kilo. Ni kama gramu mia nne na hamsini. Kwa hiyo frasila moja ni karibu kilo kumi na sita. Sasa zidisha mara arobaini na tano."

Modesti aliandika kwa kijiti mavumbini. Alipata mia saba na ishirini. Akagawa kwa tisini. Magunia manane.

"Nilipaswa kuweka manane," alisema. "Matatu niliyauza."

"Baba yako hakukosea," Marsiana alisema kwa upole.

Modesti aliinama, akalia mbele ya watoto wake.

Mavuno yaliyofuata Marsiana alikuja na mizani ya kuning'iniza. Walipima gunia moja moja. Manane yakaingia kwenye kihenge kabla ya gunia lolote kuuzwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu ulifika na Jenifa bado anasonga ugali mara mbili kwa siku. Watoto walikula wakashiba. Nafasi ya Mama Bertilla mkekani ilibaki wazi.

Mwezi wa saba ulipokaribia tena, kijiji kilikaa mkutano kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Modesti alisimama. Mkononi alikuwa na mizani ya Marsiana.

"Wote mlinizikia mama. Leo nawaambia: kulikuwa na neno moja nisilolijua, nikaona haya kuuliza. Mwenye daftari la wazee nyumbani, asikisie. Alilete, tuhakiki vipimo vyake."

Kisha mzee mmoja aliinua mkono. "Mimi kwangu wameandika pishi. Pishi ni kilo ngapi?"

"Pishi ni chombo, baba," Marsiana alijibu. "Pishi ya ulezi na pishi ya mahindi hazina uzito mmoja. Lete pishi yako na nafaka yako, tuiweke kwenye mizani."

Mzee akaondoka kwenda kuileta. Wengine wakanyanyuka kumfuata. Modesti akaanza kufunga kamba ya mizani kwenye boriti ya baraza.