Kikaango cha Kwanza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kukaanga mayai. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita na harufu ya mafuta ya moto ilimchefua, kwa hiyo mambo ya jiko aliniachia mimi. Nilikata kitunguu, nikapiga mayai, nikayamimina kwenye kikaango alichotengeneza Baba kwa mikono yake.

Baba ni fundi wa kuyeyusha vyuma chakavu. Alikuwa na desturi moja iliyomjengea jina mtaani. Kila alipomimina vikaango vipya, cha kwanza alikileta nyumbani. Tukishakikaangia na kula sote, ndipo aliwauzia watu vilivyobaki. Wateja walilijua hilo. Hawakuuliza kama kikaango ni imara, waliuliza tu, "Fundi, cha kwanza kimeshakaangiwa nyumbani?"

Mimi nina mdomo, sikatai. Baba ndiye aliyenipachika jina la Wakili, kwa sababu nikianza kubishana siachi mpaka kieleweke. Siku nyingi alilitaja jina hilo akicheka. Siku ninazotaka kuwasimulia hakucheka hata mara moja.

Mambo yalianzia kliniki, siku nilipomsindikiza Mama. Muuguzi aliwauliza akina mama waliokuwa kwenye benchi wanapikia vyombo gani. Mama akajibu kwa fahari, "Mimi mume wangu ni fundi. Ananiyeyushia mwenyewe."

Muuguzi akaacha kuandika. "Anayeyusha nini, mama?"

Mama akanigeukia, maana mimi ndiye ninayempelekea Baba chakula karakana. Nikavitaja nilivyoviona: makopo, vipande vya injini, fremu za madirisha, na radieta za magari. Baba hupenda kutupia vipande vya radieta kwenye chungu cha moto kwa sababu anaamini vinafanya madini yaliyoyeyuka yateleze vizuri kwenye kalibu, lile umbo la mchanga anamoyamiminia.

"Hapo ndipo penye shida," muuguzi akasema. "Radieta nyingi za zamani zimelehemewa kwa risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali laini ya kijivu inayopatikana pia kwenye betri za magari. Inaingia kwenye chakula kidogo kidogo. Huioni wala huinusi. Kwa mtoto, hata aliye tumboni, inadhuru ubongo, na hakuna kiasi tunachoweza kusema hiki ni salama."

"Na vile vyeusi vya dukani visivyogandisha chakula?" mama mmoja akauliza.

"Vikichubuka, achana navyo. Na usiviache motoni vikiwa vitupu mpaka vitoe moshi, moshi ule si mzuri. Ukiweza, nunua cha chuma kitupu, au cha chuma kisichoshika kutu."

Njiani Mama aliniambia, "Baba yako niachie mimi. Nitamwambia siku akiwa ametulia."

Siku nne zikapita. Baba alikuwa ametulia tuli na Mama hakusema neno, nami nikaendelea kukaanga huku nikimsubiri. Siku ya tano Baba akaja na kikaango kipya, kingali na chembe za mchanga wa kalibu, akakiweka jikoni. "Wakili, cha kwanza hicho. Kesho tukionje."

Kesho yake nikachemsha mayai kwenye sufuria ya kiwandani.

Baba akayatazama. "Ya kukaanga yako wapi?"

"Sikaangii tena kwenye vikaango vyako, Baba," nikasema, na nikamweleza yote tuliyoambiwa kliniki.

Uso wake ukabadilika. "Vikaango vyangu ndivyo vilivyokukuza. Umepungukiwa nini?"

"Sijui, Baba. Na wewe pia hujui."

Mama akashika kichwa. Baba akasukuma sahani, akasimama. "Kesho nataka mayai ya kukaanga. Nimemaliza."

Kesho yake nikachemsha. Kesho kutwa nikachemsha tena. Siku zote tatu Baba alikwenda kazini na njaa, na vikaango vyake saba vikakaa karakana bila kuuzwa, kwa sababu cha kwanza hakijakaangiwa. Msidhani nilifurahi. Nampenda baba yangu, na kumwona anatoka bila kutia kitu tumboni kuliniuma. Lakini nikilitazama tumbo la Mama, shingo yangu ilikuwa ngumu tena.

Jumamosi nilimpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta na mpishi wa mgahawa, mama mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa amefuata vikaango vyote saba. Aliviinua kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole, kisha akauliza lile swali.

"Fundi, cha kwanza kimeshakaangiwa nyumbani?"

"Kimeshakaangiwa," Baba akajibu.

Sikuwahi kumsikia Baba akisema uongo. Nikatua chakula chini, nikamgeukia mpishi.

"Shikamoo, mama. Hakijakaangiwa. Mimi ndiye niliyekataa."

"Marahaba. Umekataa kwa nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Mpishi akamgeukia Baba. "Fundi, mtoto anasema kweli?"

Baba angeweza kuniita mwongo na yule mama angemwamini. Alifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu. "Hakijakaangiwa, hilo ni kweli. Kwamba kina sumu, sijui."

"Kwangu wanakula watu na watoto wao," mpishi akasema. "Kama wewe uliyekiyeyusha hujui, mimi nitajulia wapi?" Akaviweka chini, akaondoka mikono mitupu.

"Umeniaibisha mbele ya mteja," Baba akasema kwa sauti ya chini.

"Wewe umedanganya, Baba. Mimi sikutaka kudanganya."

"Nenda nyumbani."

Nililia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Jioni Baba aliporudi alinipita mlangoni. Mama ndiye aliyefungua mdomo, mwishowe. "Baba Wakili, nimeogopa kukwambia. Nilitaka ufurahi. Lakini mtoto huyu wa tumboni ni wetu sote."

Jumatatu Baba hakwenda karakana. Alikwenda kliniki na Mama, akamhoji muuguzi mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mama akapimwa damu. Majibu yalipotoka, risasi ilikuwemo. Haikuwa nyingi sana, muuguzi alisema, na tukiacha vyombo vile itaendelea kupungua, ila Mama arudi kupimwa. Baba aliomba asomewe majibu mara mbili. Kisha akaomba na mimi nipimwe.

Siku hiyohiyo alinichukua dukani. Mwenye duka alitutolea kikaango cheusi chenye maua ya rangi, akakisifia wee. Baba akapitisha kidole ndani, akanionyesha mchubuko mdogo karibu na mpini, akakirudisha. Akatoa sumaku mfukoni. Vikaango viwili vyepesi vilivyodaiwa kuwa vya chuma havikuishika. Cha tatu kilikuwa kizito, hakina rangi wala urembo, na sumaku ilikiganda. "Hiki," Baba akasema. Tulikiosha, tukakipaka mafuta, tukakipasha moto taratibu. Mayai ya kwanza yaligandia vibaya. Baba alikula mpaka makoko.

Vile saba, pamoja na vya nyumbani, alivipasua kwa nyundo mwenyewe. Siku hizi anatengeneza vitasa na mapambo ya mageti. Mwanzo ulikuwa mgumu, sitawaficha, kwa sababu watu walizoea vikaango vyake.

Juzi jirani mmoja alimfuata karakana nikiwepo. "Fundi, nitengenezee kimoja tu. Miaka yote hii nimekula humo na sijafa."

Nilifungua mdomo nimjibu. Baba akaniwekea mkono begani.

"Niachie mimi, mwanangu." Akamtazama jirani. "Kitu nisichoweza kumlisha mke wangu, siwezi kukuuzia wewe. Nilijua kuyeyusha, lakini sikujua ninachoyeyusha, na nilipoambiwa na mtoto wangu kiburi kikanizuia kuuliza. Siku mwanao akikugomea, jirani, muulize kwanza sababu. Hasira itakusubiri."